Maswali ya Wasomaji: Ile mizinga ya mdomo wa Lukuga ilizamisha meli ngapi?

Toleo lililopita tuligusa kidogo habari ya Liemba, ile meli ya zamani ya Ziwa Tanganyika, tukasema kwa mstari mmoja tu kwamba upande wetu wa Kongo, pale Kalemie, Wabelgiji walikuwa wameweka mizinga kwenye mdomo wa mto Lukuga wakati wa vita ya 14-18, ile ya kwanza ya dunia. Basi huo mstari mmoja ndio umeleta barua zote hizi. Nimechagua chache, maana nyingi zilikuwa zinauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti, na mmoja alitaka kujua bei ya samaki Kalemie, huyo atanisamehe.

Muzee, jambo. Miye niko fundi sudere hapa Kamalondo. Nkambo yangu alizaliwa Kalemie, alikuwa anasema baba yake aliona Babeleji banaleta mizinga, banaiweka pale Lukuga penye mto unatokea mu ziwa, kisha vita ikaisha bakaiondoa. Sasa swali: ilipiga meli ngapi? Na kama haikuzamisha kitu, ile kazi yote ya kubeba vyuma ilikuwa ya nini? – Fundi, Kamalondo

Fundi, jambo sana. Jibu fupi kwanza: hakuna meli ya Wajerumani iliyozamishwa na mizinga ya nchi kavu pale Lukuga. Zile tatu zinazotajwa, mwisho wao tunaujua: Kingani ilitekwa na mashua za Waingereza tarehe 26 Desemba 1915, Hedwig von Wissmann ikazamishwa na hao hao tarehe 9 Februari 1916, na ile kubwa, Graf von Götzen (ndiyo hiyo hiyo Liemba ya baadaye), Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 walipokuwa wanakimbia Kigoma. Kwa hiyo ukihesabu hivyo, mizinga ya nkambo yako ilipata sifuri.

Lakini usiandike hiyo sifuri haraka, bana.

Turudi Agosti 1914. Wabelgiji ziwani walikuwa na stima moja tu ya maana, Alexandre Delcommune, tani 90 hivi, na tarehe 22 Agosti Hedwig ikatoka ng'ambo, ikaikuta upande wa Lukuga, ikaipiga mpaka haitembei tena. Siku ile ziwa lote likawa la Wajerumani. Na ziwa lenyewe si dimbwi, lina urefu wa kilomita kama 670, yaani mwenye meli anaweza kushusha askari popote anapopenda, usiku, alfajiri, huku wewe uko na watu wako mahali pengine unangoja. Huwezi kulinda kilomita 670 kwa miguu. Unachagua pale ambapo ukipapoteza umekwisha, unaweka nguvu yako pale, kwingine unamwachia Mungu.

Na pale pa kuchagua palikuwa Lukuga, haikuwa bahati nasibu. Lukuga ndio mto pekee unaotoa maji Ziwa Tanganyika, unatoka ziwani unaenda magharibi mpaka Lualaba, na lile bonde lake ndilo njia ya kuingia ndani ya inchi. Reli kutoka Kabalo ilifuata upande huo huo na ikafika ziwani mwaka 1915. Sasa fikiria: kila kitu cha vita ya ziwani, chakula, masasi, mbao, mafuta, vipande vya mashua, vyote vinashukia pale pale. Mjerumani akipiga pale siku moja vizuri, Wabelgiji wanaanza upya kutoka sifuri, na kuanza upya kule maana yake ni miezi, si wiki.

Mizinga ikishawekwa ufukweni hesabu inabadilika. Kapteni wa Hedwig anajua kwamba akikaribia chini ya kilomita kadhaa kutoka mdomo wa mto, kuna watu juu ya ardhi ngumu wanamwangalia na mzinga hauyumbi, na yeye yuko juu ya kachombo kadogo ka tani 60 kanakochezacheza na mawimbi. Kombora moja kwenye boila na yeye amekwisha, tena meli ingine haipatikani haraka. Wajerumani meli zao walizihesabu kwa vidole, kila moja ilikuwa dhahabu. Kwa hiyo anakaa mbali. Mbwa wa parseli, yaani wa kiwanja cha nyumba, anaweza kuwa hajauma mtu tangu azaliwe, lakini mwizi bado anapita parseli ya jirani, na mwenye mbwa hana sababu ya kumfukuza eti haumi.

Ushahidi wake ni namna Wajerumani walivyokuwa wanakuja kupeleleza. Mwishoni mwa 1915 walisikia harufu kwamba kuna kitu kinatengenezwa upande wa Kalemie, wakataka kujua. Kama ufukwe ungekuwa wazi wangekuja mchana kweupe na meli, wakaangalia kwa darubini, wakapiga wakarudi zao. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa Desemba ofisa mmoja, Rosenthal, aliyetoka kwenye manowari Königsberg, ilibidi aache meli mbali na AOGELEE mpaka ufukweni kuona kwa macho yake. Kuogelea, Fundi, mu Tanganyika yenye mamba! Akaona alichotaka kuona, ila akakamatwa. Na alikuwa mtu wa akili sana: akawaandikia wenzake barua ya kawaida ya mfungwa, halafu akaongeza maneno ya siri kwa mkojo, ambayo hayaonekani mpaka karatasi ipashwe moto. Wenzake walichelewa miezi kugundua kwamba barua ina maneno mengine, na wakati huo mashua zilikuwa zimeshafanya kazi yake.

Kwa hiyo mizinga ile ilinunua muda. Nyuma yake Delcommune ilikuwa inatengenezwa (iliporudi majini ikapewa jina Vengeur), kabandari kadogo kakajengwa Kalemie, kusini kidogo ya mdomo wa mto, na Waingereza wakapata mahali pa kushushia mashua zao bila kupigwa zikiwa bado juu ya mbao.

Umeuliza pia mbona iliondolewa. Kwa sababu ilikuwa ya muda tangu mwanzo. Kama unataka kuona mizinga ya kudumu nenda Boma, kule Kongo Central (zamani Bas-Congo), ngome ya Shinkakasa, iliyojengwa mwisho wa karne ya 19 wakati Boma ndio mji mkuu, mawe na simenti na mizinga 8 ya milimita 160 inayoangalia mto Kongo, yaani pale mtu alikuwa anajenga kwa ajili ya wajukuu. Ya muda ni kitu kingine: unasawazisha ardhi, unaweka magogo mazito au simenti kidogo chini ya mzinga usizame, unainua udongo mbele kifuani mwa watu, makombora unayaficha mbali kidogo nyuma, kwenye shimo, ili kombora moja la adui lisiwashe yote, matawi juu, waya wa simu kwenda kwa mwangalizi, basi. Udongo tena ni mzuri kuliko mawe, kombora likiingia kwenye udongo linamezwa, kwenye mawe linarusha vipande vinavyoua watu wako mwenyewe. Vita ikihama, mzinga unahama. Kalemie ilihama haraka: katikati ya 1916 Wabelgiji walishavuka, na tarehe 19 Septemba jeshi la Tombeur, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkubwa hapa kwetu Katanga, likaingia Tabora. Mlango hauna mwizi tena, mlinzi wa nini?

Mimi nasoma UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), fizikia. Ninachotaka kujua: mashua inatembea, mzinga umesimama, na hakuna rada wala kompyuta. Walijuaje umbali? Au walikuwa wanabahatisha? – Mwanafunzi, Kampemba

Mdogo wangu, hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote, na utanisaidia kulisahihisha ukiona nimekosea koma.

Njia ya kwanza ni pembetatu. Watu wawili wanakaa ufukweni, tuseme kilomita moja kati yao, kila mmoja na kifaa cha kupima pembe, simu katikati. Wote wanaelekeza kwenye bomba la moshi la meli ile ile, kila mmoja anasoma pembe yake, wa tatu anachora mistari miwili kwenye karatasi, inapokatana ndipo meli ilipo. Udhaifu ni kwamba zikija meli mbili zinazofanana mmoja anaangalia hii, mwenzake ile, na karatasi inakuambia meli iko mahali ambapo hakuna kitu.

Njia ya pili inamhitaji mtu mmoja tu, akae juu ya kilima. Anajua yuko juu ya maji kwa mita ngapi, anaangalia pale ambapo meli inagusa maji, anapima pembe ya kuinamisha darubini. Chukua kilima cha mita 40 na meli iko kilomita 4. Pembe yake ni kama digri 0.57, yaani nusu digri na kidogo, karibu unaangalia bapa kabisa. Sasa ona hatari: kama maji ya ziwa yamepanda mita moja na wewe bado unapiga hesabu kwa mita 40 za zamani, wakati kweli uko mita 39 juu yake, umbali wako unatoka na kosa la mita 100. Mita moja ya maji, mita 100 za kombora! Baharini wana maji kupwa na maji kujaa kila siku, lazima kila saa usome kijiti cha kupimia. Tanganyika haina kupwa na kujaa kwa maana hiyo, lakini linapanda na kushuka kwa majira ya mvua, na miaka mingine linapanda kabisa, waulize watu wa Kalemie na Uvira walioona maji yanaingia mpaka kwenye vyumba vya kulala miaka hii ya karibuni.

Kisha kuna mwendo. Meli inayoenda kilomita 18 kwa saa inatembea mita 5 kila sekunde. Kombora likichukua sekunde 10 kufika, meli imeshaondoka pale ulipolenga kwa mita 50, na kachombo kama Kingani chenyewe ni kafupi mara mbili au tatu kuliko hizo mita 50. Kwa hiyo unapiga mahali ambapo meli HAIPO bado. Unapiga la kwanza, unaangalia maji yanaruka wapi: yameruka nyuma ya meli, umepita, yameruka mbele yake, umepunguka, unaongeza unapunguza mpaka meli iko katikati ya michirizi miwili, hapo sasa unapiga haraka haraka kabla kapteni hajageuza.

Na hapa ndipo mtu wa nchi kavu anamshinda wa majini. Wewe kombora lako likikosa unaona nguzo nyeupe ya maji, wazi kabisa. Yeye lake likikosa linaingia kwenye majani au mchanga, linatoa kavumbi, hajui limekosa kwa mita 10 au 200. Tena yeye akitaka kuingia mdomoni mwa mto lazima afuate mkondo wenye kina, mchanga huku, mchanga kule, polepole, meli moja nyuma ya ingine, hawezi kugeuka kwa nafasi. Mdomo wa mto unamnyang'anya kapteni kitu cha pekee kinachomwokoa, yaani kugeuka.

Kitu kingine ambacho kwenye karatasi mnaandika herufi m na v halafu mnapita: teke la mzinga. Kingani ilipotekwa Waingereza waliitengeneza wakaiita Fifi, wakaifunga mbele mzinga wa paundi 12, mzinga ambao ulikuwa wa kulinda ufukwe. Juu ya udongo mzinga ule hauna shida. Juu ya ile meli ndogo, kila ulipopiga, meli nzima ilishtuka na kusimama, na Hedwig waliyokuwa wanaifukuza ikazidi kwenda mbali. Walishinda mwisho, ila nafikiri hapo ndipo wote walielewa mzinga ule ulikuwa unapenda wapi.

Miye nasikia watoto wanasema mashua za Waingereza zilipita hapa Lubumbashi kwenda vitani ziwani. Mashua kupita Lubumbashi? Kwa maji gani, ya mtaro wa Katuba? – Mama J., Katuba

Mama, umenichekesha, lakini watoto wanasema kweli. Zilikuwa mbili, Mimi na Toutou, kila moja mita 12 na kidogo, za mbao, na kamzinga kadogo mbele. Zilitoka Uingereza Juni 1915 kwa meli mpaka Cape Town, pale zikapandishwa treni, na mwisho wa Julai zikafika Élisabethville, ndio hapa kwetu. Zikaendelea na reli mpaka Fungurume, hiyo hiyo Fungurume mnayoijua leo kwa cobalt, na pale reli ikaisha.

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia ni zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba. Mashine mbili za mvuke zinavuta, zikishindwa wanafunga ng'ombe, ng'ombe wakishindwa ni watu. Njia yenyewe haikuwepo, ilikatwa, na madaraja yakajengwa kwa magogo kwa makumi. Kisha treni ndogo mpaka Bukama, kisha Lualaba yenye maji machache ya kiangazi, mashua zimefungiwa mapipa zisiguse mchanga, kisha treni tena kutoka Kabalo, na tarehe 24 Oktoba wamefika Lukuga.

Vitabu vinampenda sana mkubwa wao, Spicer-Simson, kwa sababu alikuwa mtu wa vituko, alikuwa anavaa sketi ya kaki mbele ya askari wake na mwili wote umechorwa chale. Mimi binafsi naona sketi imekula nafasi nyingi mno. Mama anayechota maji ya kujaza boila ya mashine ya mvuke katikati ya pori la Mitumba, kiangazi, kichwani, hakuna aliyeandika jina lake, na bila maji yale mashine haivuti hata mita moja. Ni watu wa hapa hapa. Sketi tunaijua mpaka rangi.

Unasema mizinga inatisha. Sasa mbona Rufiji, kule Tanzania, Wajerumani walikuwa wameweka mizinga kwenye midomo ya mto na Waingereza wakaingia tu? – Mbishi wa Kenya (commune ya hapa Lubumbashi, si inchi)

Mbishi, swali lako ni zuri na nilijua litakuja.

Königsberg, manowari ya Kijerumani, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza kule Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Wajerumani wakaweka kwenye midomo mizinga midogo, bunduki za rasharasha, mahandaki ndani ya mikoko, waya za simu. Na ilifanya kazi! Waingereza walikuwa na manowari kubwa kuliko ile, wakaipata mwisho wa Oktoba 1914, na walikaa nje, baharini, miezi zaidi ya 8. Kina cha maji kiliwazuia na ile mizinga midogo ikawazuia kuleta mashua ndogo. Wakazamisha mpaka meli yao wenyewe ya mizigo, Newbridge, mu mkondo mmoja ili kuziba njia.

Kilichovunja mlango ni kwamba walileta kitu ambacho ile mizinga haikutengenezewa: Severn na Mersey, meli bapa zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, hazihitaji maji mengi, zina chuma pembeni na kila moja mizinga miwili ya inchi 6. Mzinga mdogo wa kufukuzia mashua hauwezi kitu kwa chombo kama hicho. Hata hivyo siku ya kwanza, tarehe 6 Julai 1915, walirudishwa, Mersey ikapigwa ikapoteza watu. Wakarudi tarehe 11, ndege juu inawaambia makombora yanaangukia wapi, ndege yenyewe ikapigwa na wakati inashuka kuanguka mtu wa ndani bado anatuma ishara, sogeza hivi, sogeza hivi. Siku ile Königsberg ikaisha.

Kwa hiyo jibu langu kwako: mizinga ya mdomoni inalinda dhidi ya adui fulani mwenye vyombo fulani. Lukuga ilitosha kwa sababu waliokuwa wanakuja ni Kingani na Hedwig, vyombo vidogo. Kama Götzen, meli ya mita 70 hivi, ingekuja na mzinga wake mkubwa ikaamua kukaa mbali na kupiga siku nzima, hadithi ingekuwa ingine, na nashangaa mpaka leo hawakujaribu kwa nguvu zaidi.

Kuna mjomba wangu anasema Wajerumani walikuwa na mizinga ya MBAO. Tulimcheka sana kwenye msiba. Alikuwa amekunywa? – D., Ruashi

Muombeni mjomba msamaha, na mnunulieni kinywaji kingine.

Inaungana na ya Mbishi hapo juu. Königsberg ilipokufa, Wajerumani walitoa mizinga yake yote 10 ya milimita 105, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, wakaigawa inchi nzima. Mmoja ulifika Kigoma ukawekwa juu ya Götzen. Halafu mwaka 1916 jeshi lao la nchi kavu likauhitaji, likautoa, na juu ya meli wakaweka wa mbao uliopakwa rangi. Spicer-Simson alikuwa ameshaiona Götzen kwa mbali na alikataa kata kata kupigana nayo.

Kizuri zaidi ni Bismarckburg, siku hizi wanaita Kasanga, kusini ya ziwa upande wa Tanzania. Juni 1916 Spicer-Simson alifika pale na mashua zake kuzuia Wajerumani wasikimbie kwa maji, akaona ngome na mizinga inamwangalia, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakapanda vyombo vyao wakaenda zao taratibu. Jeshi la nchi kavu la Waingereza lilipoingia ngomeni likakuta mizinga ile ni magogo. Wakubwa wake walimkasirikia sana.

Mimi simcheki. Ukiwa ndani ya mashua ya mbao yenye matangi ya petroli, uko mita elfu kadhaa, utajuaje lile shimo jeusi ni chuma au ni gogo? Njia ya kujua ni moja tu, kusogea.

Na huku kwetu? Ruzizi inatoka Kivu hapa Bukavu na Wajerumani walikuwa ng'ambo kabisa. – Msomaji, Bukavu

Kweli kabisa, walikuwa Shangugu (Cyangugu, upande wa Rwanda), mnaangaliana uso kwa uso, na Septemba 1914 waliteka kisiwa cha Idjwi kwa hiyo Kivu pia walikuwa wanaitembelea. Lakini Ruzizi pale inashuka na maporomoko, hakuna meli inayoweza kuingia kutoka ziwani kwenda popote, kwa hiyo kulikuwa na kuvizia kivuko na kupigiana ng'ambo kwa ng'ambo, vita ya milima zaidi kuliko ya kulinda mlango. Tutaifanyia toleo lake.

Kaka yangu yuko Kalemie, wakati wa kuchimba msingi wa nyumba alipata kitu cha chuma, kirefu kama mkono, chembamba juu, kizito sana. Wale wa mitraye (vyuma chakavu) wanataka kukinunua kwa kilo. Ni cha hiyo vita? Auze? – Y., Annexe

Asiuze, na kwanza asikiguse tena. Inaweza kuwa ya 1915, inaweza kuwa ya vita ingine, Kalemie imepita vita nyingi, na kwa maelezo ya kwenye simu hakuna anayeweza kukuambia. Watu wanafikiri kombora la zamani limeoza limekufa. Ni kinyume: chuma ndio kinaoza, baruti ya ndani inabaki, na aina zingine zilizotumika zamani zinakula chuma taratibu na kutengeneza chumvi ambayo inalipuka kwa kuguswa kidogo tu kuliko hata ilivyokuwa mpya. Ya mizinga mingine tena huwa ilishapigwa ikakataa kulipuka, yaani kufuli yake ilishafunguka, inangoja.

Asikihamishe, asikimwagie maji, asichome moto karibu, asikigonge kusikia kama ndani kuna kitu (hii watu wanaifanya sana, sijui kwa nini). Aweke vijiti na kamba kuzunguka pale mbali kidogo, awakataze watoto na mafundi wake, apige foto kutoka mbali bila kusogea, na aende kwa mkubwa wa mtaa na polisi waite watu wa kutegua mabomu. Na wale wa mitraye awaambie ukweli kwamba kile si cha kukata na mashine, wasije wakarudi usiku kukichukua wenyewe. Msingi wa nyumba utangoja wiki mbili tatu.